Nyumba za kutunza watu wenye ulemavu Mombasa: tutajuaje iliyo nzuri?

#1 MwanaKisauni
Salamu wanajukwaa. Naomba mawazo ya wenye uzoefu.

Kakangu ni mtu mzima, amepita thelathini. Ana mtindio wa ubongo, ana ulemavu wa akili na kifafa. Hatembei. Maneno yake ni machache na wa nyumbani tu ndio tunaoyaelewa. Mama ndiye aliyemlea miaka yote hii, na sasa magoti ya mama yamekwisha, hawezi tena kumwinua kumpeleka msalani. Tumeanza kutafuta nyumba ya kumtunza, hapa Mombasa au karibu.

Tulikwenda kuangalia moja upande wa bara. Rangi mpya, maua mlangoni, ofisini zulia. Tukapokelewa kwa heshima zote. Tulipoomba kuingia vyumbani tukaambiwa wakazi wanapumzika. Saa nne asubuhi! Nyumba ina watu zaidi ya ishirini na husikii hata kikohozi. Kakangu saa hiyo redio ikifunguliwa nyumba nzima inajua yuko macho. Nilitoka pale moyo mzito.

Maswali yangu mawili. Mtu asiyeweza kujisemea ukimwacha mahali, utajuaje kama anatunzwa? Na kwa nini nyumba hizi nyingi zimekuwa za kulaza watu tu? Mimi nasema tatizo ni ukaguzi. Hakuna anayeingia kuangalia.

#2 Nahodha_Mvita
Pole sana. Lakini ukaguzi hautawaongezea mikono. Tatizo ni pesa. Serikali inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, na hizo ukinunua nepi za mtu mzima hazifikishi wiki mbili. Hujala, hujanunua dawa, hujamlipa mhudumu. Mwenye nyumba anafanyaje? Anaajiri wachache.

#3 KibarotiBoy
#2 Inua Jamii si ya wazee wa miaka 70 tu?

#4 Nahodha_Mvita
Hapana, iko ya wazee, ya mayatima, na ya watu wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kutunzwa wakati wote. Hii ya mwisho haiangalii umri. MwanaKisauni kama kakako hajaandikishwa nendeni kwa chifu na ofisi ya ustawi wa jamii muulizie uandikishaji unafunguliwa lini. Na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anayo?

#5 MwanaKisauni
Kadi anayo. Inua Jamii tunaambiwa kila mara tusubiri.

#6 BiMkubwa_Majengo
Mwanangu usinichukie kwa nitakalosema. Mama yenu kalea peke yake miaka yote hiyo, na nyinyi mko wangapi? Zamani mtoto kama huyu alikuwa wa mtaa mzima. Huyu anamwosha, yule anamlisha, vijana wanambeba barazani jioni akae na watu. Leo kila mtu kafunga geti lake. Kabla ya kutafuta nyumba, kaeni kikao cha ukoo.

#7 Mjukuu_wa_Fort
Shangazi, na wale waliofungiwa chumba cha nyuma wageni wakija, nao walikuwa wa mtaa mzima? Nimeyaona Mji wa Kale kwa macho yangu. Kuna mama alikufa ndipo majirani tukajua ana mtoto wa pili. Si bure Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 iliweka kifungu cha kukataza jamaa kumficha mtu mwenye ulemavu.

#8 BiMkubwa_Majengo
Hilo nalo lilikuwapo, sikatai. Lakini la barazani pia lilikuwapo.

#9 MwanaKisauni
Bi mkubwa, kikao kimekaliwa. Tuko watano pamoja naye. Wawili wako Ughaibuni, mmoja yuko Malindi, mimi nafanya kazi ya zamu bandarini. Tumejaribu mfanyakazi wa nyumbani, hakai. Wa mwisho aliondoka siku kakangu alipopata kifafa mikononi mwake, alidhani amekufa. Sikumlaumu, hakuna aliyemfundisha.

#10 ZamuYaUsiku
Nimekuwa nikisoma tu humu, leo naandika kwa sababu nimefanya kazi hii. Sitaitaja nyumba, wala si hiyo ya #1 nadhani.

Tulikuwa wahudumu wawili usiku kwa wakazi ishirini na wanane. Kati yao kumi na wawili hawawezi kujigeuza. Kitabu kinasema mtu kama huyo ageuzwe kila baada ya saa mbili ili ngozi isioze kwa kulalia. Kumgeuza vizuri ni kazi ya watu wawili: unamwinua, humburuti, unaangalia visigino, nyonga na juu ya makalio, unaweka mto katikati ya magoti, unanyoosha shuka lisiwe na mikunjo. Dakika kumi. Kumi mara kumi na wawili ni dakika 120, yaani saa mbili kamili. Ukimaliza wa mwisho wa kwanza anakungoja. Hapo hujabadilisha nepi hata moja, na hujamshika aliyeanguka au aliyepata kifafa. Basi kinachofanyika ni nini? Anavalishwa nepi mbili, moja juu ya nyingine, hadi asubuhi. Na kitabu cha kugeuza kinajazwa saa kumi na moja alfajiri, mistari yote kwa mpigo.

Chakula cha usiku kinatolewa saa kumi na moja jioni, kwa sababu wa zamu ya mchana wanataka kuondoka saa kumi na mbili. Chakula kingine ni uji wa saa moja asubuhi. Saa kumi na nne! Nyinyi mkilazwa na njaa hiyo mtapiga kelele. Wale wanaopiga kelele huongezewa dawa ya kulala.

Ndiyo sababu saa nne asubuhi nyumba ilikuwa kimya. Yaweza kuwa wamelala kweli. Mimi ningeuliza walipewa nini.

Nilimwambia mwenye nyumba. Nikajibiwa kazi ziko nyingi nje, mlango uko wazi.

#11 KibarotiBoy
Ya Rabi.

#12 Kokoto
Dada #10 ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Shukrani.

#13 Nahodha_Mvita
Si ndilo nililosema #2? Wahudumu wawili kwa watu ishirini na wanane ni pesa hiyo.

#14 ZamuYaUsiku
Nahodha, mwenye nyumba alinunua gari jipya mwaka ule. Wafadhili walijenga ukumbi una vigae. Mfadhili akija anataka ukuta wa kuandika jina lake. Mshahara wa mhudumu wa usiku hauna pa kuandika jina.

#15 Mpwa_wa_Likoni
#14 umegusa. Nendeni Ramadhani. Kila jioni gari limeshuka, futari, maboksi ya nepi, kamera. Mtu mzima wa makamo anapigwa picha kavalishwa fulana ya kampuni, uso wake unawekwa mtandaoni, na hakuna aliyemwuliza. Mfungo Mosi ukiingia stoo imejaa tende na hakuna sabuni. Sadaka ni jambo zuri, sisemi watu waache. Nasema mwenye kutoa aulize wanapungukiwa nini mwezi wa kawaida. Nyingi zitasema maji.

#16 FundiMabomba_Changamwe
Maji! Mmenigusa kazini kwangu. Mombasa maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, kwingine hayaji kabisa. Nyumba yenye watu ishirini wasiojizuia inafua mashuka kila siku. Wanatumia kisima, na visima vingi vya huku ni maji ya chumvi. Shuka likifuliwa na chumvi bila kusuuzwa na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, linakauka gumu, na juu yake analala mtu mwenye ngozi iliyochubuka, katika joto la mwezi wa pili. Kuna mahali niliweka tangi la maji baridi, la kuogea na kusuuzia tu. Mlezi mkuu akaniambia baadaye vidonda vilipungua kabla hawajabadilisha kitu kingine chochote. Mtu akitaka kutoa sadaka atoe tangi na bili ya boza.

#17 Kokoto
Fundi leo umekuwa daktari wa ngozi 😀

#18 FundiMabomba_Changamwe
Cheka, lakini ukienda kuangalia nyumba, fungua mfereji wa bafuni uonje.

#19 Wakili_Ganjoni
Nimchangie MwanaKisauni kuhusu ukaguzi, maana hapo pana pengo watu hawalioni. Nyumba za watoto zina sheria yake. Mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto. Ikaja Sheria ya Watoto ya 2022, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye taasisi warudi kwenye familia. Kwa hiyo mtoto ana afisa wa watoto, ana mahakama ya watoto. Kakako ana miaka thelathini na zaidi. Nani anaulizwa? Shule zetu, kama Port Reitz na Tom Mboya, ni shule. Zinamlea akiwa mwanafunzi, umri ukipita anarudi nyumbani. Nyumba ya watu wazima unaweza kuikuta imesajiliwa kama shirika la hisani, kikundi cha jamii, au biashara. Kila karatasi ina ofisi yake, na ofisi hiyo haikagui visigino vya mtu.

Kuna Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, na kifungu cha 54 cha Katiba kinasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na utu. Maneno yapo. Mkaguzi wa kugonga mlango saa nane za usiku ndiye simjui.

#20 Mtanga_Halisi
Wakuu habari za huko, mimi niko Tanga ila nina jamaa Mombasa. Tujifunze kwa Waingereza. Kule kila nyumba inakaguliwa na kupewa daraja, matokeo yanawekwa wazi. Madudu kama haya hayatokei.

#21 Mswahili_Bristol
#20 kaka, mimi niko huku na kazi yangu ndiyo hiyo hiyo. Yametokea, tena jirani na nilipo. Mwaka 2011 BBC ilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri mahali panapoitwa Winterbourne View. Wagonjwa wanapigwa, wanabanwa chini ya viti, wanamwagiwa maji nje kwenye baridi. Wafanyakazi 11 walikiri makosa, sita wakafungwa jela mwaka 2012. Mahali penyewe palifungwa 2011.

#22 Mtanga_Halisi
Ile ilikuwa nyumba ya wazee mkuu.

#23 Mswahili_Bristol
Hapana. Ilikuwa hospitali binafsi ya watu wazima wenye ulemavu wa akili na usonji. Na sikilizeni hili, Nahodha na MwanaKisauni wote wawili. Kwa wastani mgonjwa mmoja alikuwa akilipiwa pauni 3,500 kwa wiki, na mlipaji ni serikali. Kwa hiyo pesa zilikuwapo. Ukaguzi nao ulikuwapo, na muuguzi mmoja aliyekuwa akifanya kazi pale aliripoti, wakaguzi hawakuchukua hatua mpaka kamera ilipoingia. Tangu hapo mimi naamini kinachomlinda mtu asiyesema ni watu wake kuingia na kutoka bila kupiga hodi. Pale ndugu walikuwa wanaishia chumba cha wageni, hawafiki ghorofa ya juu.

#24 Nahodha_Mvita
Pauni 3,500 kwa wiki! Ni zaidi ya nusu milioni ya kwetu. Haya, hilo limenifikirisha. Lakini hata hivyo pesa ile ilikwenda kwa kampuni, haikwenda kwa mhudumu.

#25 Pwani_Huru
Mnazunguka bure. Taasisi zote zifungwe. Ukikusanya watu ishirini wasioweza kujitetea nyuma ya geti moja, haya ndiyo matunda, Mombasa au Bristol. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 19 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuishi katika jamii kama wengine, na asilazimishwe kukaa mahali asipopataka. Mimi mwenyewe natumia kiti cha magurudumu. Siku nikiishiwa nguvu sitaki kupelekwa kokote. Nataka mtu aje kwangu.

#26 Daktari_Mtoro
Nakuelewa ndugu yangu, ila someni yaliyotokea Gauteng, Afrika Kusini. Serikali ya jimbo ilivunja mkataba na Life Esidimeni, kampuni binafsi iliyokuwa ikiwatunza kwa malipo ya serikali, ikawatoa wagonjwa wa akili na wenye ulemavu mkubwa wa akili mwaka 2016, kwa hoja hiyo hiyo ya kurudi kwenye jamii, na kupunguza gharama. Wakagawiwa vishirika visivyo na leseni halali. Watu 94 wakafa.

#27 Wakili_Ganjoni
94 ni hesabu ya ripoti ya kwanza ya Mchunguzi wa Afya, mwanzoni mwa 2017. Idadi ilipanda hadi 144. Jaji Moseneke alitoa uamuzi wa fidia 2018. Wengine walikufa kwa njaa na kukosa maji.

#28 Pwani_Huru
Hao hawakurudishwa kwenye jamii. Walitolewa taasisi moja wakatiwa taasisi mbovu zaidi, familia nyingine hazikuambiwa hata mtu wao kapelekwa wapi. Msinibebeshe vifo vile. Fedha inayolipia kitanda imfuate mtu nyumbani kwake, alipwe mhudumu wa kuja asubuhi na jioni. Mama wa MwanaKisauni angepata mtu mmoja mwenye nguvu wa kumwinua kijana wake, uzi huu usingeandikwa.

#29 MwanaKisauni
#28 kweli kabisa. Tungepata huyo mtu tungelala.

#30 Tabibu_wa_Dawa_Asili
Kifafa kinatoka. Nina kombe, wiki tatu tu. Nitafute inbox.

#31 BiMkubwa_Majengo
Wewe tupishe. Dua tunasoma, na dawa za hospitali anameza.

#32 Viungo_Tudor
Na dawa ya kifafa haikatizwi ghafla, jamani, hata siku ambayo hajaugua. Kukatiza ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokoma. MwanaKisauni, hilo liwe swali lako la kwanza ofisini: dawa ikiisha Ijumaa jioni mnafanya nini? Wakikwambia tunapigia familia Jumatatu, ondoka.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kila mtu anazungumzia nyumba, mimi nataka muangalie saa ya kula, maana ndipo watu hawa wanapopotea kimyakimya. Nimeona mhudumu akilisha watu wanne kwa pamoja, kijiko huku, kijiko kule, wamelala chali. Mwenye mtindio wa ubongo kumeza kwake ni kazi. Akilazwa chali, chakula kinapita njia ya pumzi, anakohoa kidogo, baada ya siku ana homa, inaandikwa nimonia, anazikwa. Inatakiwa akae wima, kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani, kichwa kisitupwe nyuma. Mlishaji akae usawa wa macho yake, asisimame juu yake. Kijiko kidogo, nusu yake tu, na usilete cha pili mpaka umeona koo limepanda na kushuka. Uji mwepesi na maji ndivyo vinavyomponyoka zaidi, vifanye vizito kidogo. Akimaliza akae wima nusu saa. Mlo mmoja unaweza kuchukua dakika arubaini. Nyumba inayolisha watu ishirini katika nusu saa, hata iwe na zulia la Uajemi, hapana.

Hili halihitaji pauni 3,500. Ni mafunzo ya siku chache. Kwangu mimi tatizo kubwa ni kwamba kazi hii inafanywa na watu wasiofundishwa, na waliofundishwa wamepanda ndege.

#33 Mswahili_Bristol
Ni kweli tumepanda. Tulilipwa nini tulipokuwa huko?

#34 Viungo_Tudor
Sikulaumu kaka.

#35 KibarotiBoy
Na Bombolulu je? Si wanakaa walemavu pale tangu 1958? Mpelekeni huko.

#36 Pwani_Huru
Bombolulu ni karakana. Watu wenye ulemavu wa viungo wanafanya kazi pale, vito, ngozi, mbao, ushonaji. 1958 ndipo kilipoanzishwa Chama cha Walemavu wa Viungo Kenya, APDK. Karakana ya Bombolulu ilianza 1969. Mtu anayehitaji kulishwa na kugeuzwa si pake. Na tafadhali sema watu wenye ulemavu.

#37 Mpwa_wa_Likoni
Kiti changu cha kwanza kilitoka APDK. Feri ya Likoni nilikuwa navushwa na mabaharia kwa mkono, siku hizi kidogo afadhali, ila ile miteremko yake kipindi cha maji kupwa…

#38 Kokoto
Uzi wa feri uko ukurasa wa pili, tusihamie huko 😀

#39 ZamuYaUsiku
MwanaKisauni nikupe ya kwangu ya vitendo. Nenda wakati wa magharibi, jua likizama, usitoe taarifa. Wakikukatalia kuingia, ushajua. Ukiingia, usiangalie ukumbi. Fungua kabati la mkazi mmoja: nguo ni zake zina jina lake, au ni rundo la wote? Angalia kucha na meno. Omba kitabu cha dawa uone kama kimetiwa saini kwa kalamu tofauti na saa tofauti. Muulize mhudumu, si meneja, yule pale anapenda nini. Akikwambia huyu anapenda taarabu na hataki mchuzi wa samaki, hapo pana mtu anayemwangalia. Na ukimpeleka kakako, waachie karatasi ya maneno yake yale machache na maana zake, ibandikwe juu ya kitanda.

#40 Pwani_Huru
Na wewe mwenyewe umwulize kakako. Simwoni kokote katika uzi huu akiulizwa kama anataka kwenda.

#41 MwanaKisauni
#40 anajua kusema "nyumbani" na "bado". Juzi tulipomtajia safari alisema "bado". Mama alilia.

Nimezungumza na wa Malindi na wa Ughaibuni kwa simu jana usiku. Wamekubali kuchanga tujaribu wahudumu wawili wa kupokezana nyumbani, mmoja mwanamume mwenye nguvu, kabla ya nyumba yoyote. Tunahitaji mtu wa kuwafundisha kulisha, kugeuza na kifafa. Viungo_Tudor, unaweza kuja Kisauni Jumamosi? Na mama akiondoka duniani sijui itakuwaje, kwa hiyo nyumba bado naitafuta. Anayeijua ya watu wazima, si ya watoto, iwe Mombasa, Kwale au Kilifi, aniandikie.

#42 Viungo_Tudor
Jumamosi asubuhi naweza. Wekeni tayari na kijiko anachotumia.

#43 Nahodha_Mvita
Wahudumu wawili, mchango wa ndugu wanne… nitumie inbox hesabu yenu nikusaidie kuipanga. Bado nasema ni pesa.

#44 Mswahili_Bristol
Na mimi bado nasema ni mlango 😀 Ya Kilifi naijua moja ila sina hakika kama inapokea zaidi ya miaka kumi na minane. Nauliza kesho.